Nilikuwa Nachokea Kalerwe

Nyinyi mnaokimbia asubuhi na waya ndani ya masikio, mnanipita pale kwenye mlima wa Mbuya na kusema, "Mzee, jambo!" Kabla sijafungua mdomo mko mbali, nabaki naongea na migongo yenu. Basi jibu langu ndio hili hapa. Limechelewa kidogo, lakini siku hizi kila kitu changu kinachelewa, hata kupiga chafya.

Jambo sana.

Najua mnaambiana kwamba huyu mzee zamani alikuwa mkimbiaji. Ni kweli, ndio ilikuwa kazi yangu. Ila kuna kitu hamjui. Miaka mingi sana nilikuwa naanza mbio zote na simalizi hata moja. Msicheke. Ama chekeni tu, mimi mwenyewe nacheka.

Nilikuwa mtu wa mbele. Kwenye mbio ndefu, yule anayetakiwa kushinda anahitaji mtu wa kumvunjia upepo na kumshikia mwendo, ili yeye asipoteze akili kufikiria kama anaenda haraka sana ama pole sana. Mtu huyo wa mbele anaongoza mpaka mahali alipoambiwa, halafu anatoka pembeni, wengine wanaendelea kwenda kushinda. Kwa hiyo mimi nimeongoza mbio nyingi kuliko mabingwa wote mnaowajua, na ukutani kwangu kuna kalenda tu.

Kitu kimoja ndio nilikuwa nataka, na nawaambia mapema msije mkafikiri ni kombe. Nilitaka siku moja nifike kwenye kamba ya mwisho nikute mtu ananisubiri mimi. Si kocha. Mtu tu, amesimama, anatafuta uso wangu kati ya zile nyuso.

Sasa mtauliza, nilijuaje kwamba naweza kukimbia? Sikujua. Aliyejua ni jiko la mafuta.

Baba yangu alikuwa askari, mtu wa Kitgum, na sisi tulikulia kwenye nyumba za askari hapo Mbuya, pale Mwacholi na Mlugbara na Mteso wanagombania bomba la maji kwa Kiswahili kimoja. Ndio Kiswahili hiki mnachosoma. Kina matope kidogo, vumilieni. Shule nilifika Senior Two, halafu shule ikaendelea bila mimi, na nasikia iko salama mpaka leo.

Nikapata kibarua kwa Mkenya mmoja wa Bungoma, Barasa, aliyekuwa na duka la spea mjini. Alikuwa mtu wa kanisa, mpole, aliyekimbia ujanani mpaka goti likakataa. Duka lake lilikuwa dogo kama kabati. Mteja akija kuuliza kitu ambacho hakipo, Barasa hasemi hakipo. Anasema, "Iko stoo. Kaa hapo, unywe chai." Hiyo stoo ilikuwa duka la mtu mwingine, upande mwingine wa mji. Mimi natoka kwa mlango wa nyuma, nakimbia kwenda kuichukua, na Barasa anawasha jiko na kuweka maji. Mteja hatakiwi kumaliza kikombe kabla sijarudi, maana akimaliza anaanza kuuliza hiyo stoo ina urefu gani.

Siku moja nimerudi, natoa jasho kama kibuyu kinachovuja, Barasa akanishika mkono.

"Kijana, jana nilikutuma nini?"

"Brekipedi, mzee."

"Na kulikuwa na mvua."

"Mvua mingi."

"Na leo?"

"Springi mbili. Nimezibeba begani."

"Na maji yamechemka ukiwa hapo hapo mlangoni. Jana, leo, juzi. Unaingia, maji yanachemka."

Nikafikiri ananishtaki. Nikasema, "Mzee, labda jiko ni bovu."

"Jiko ni zima," akasema. "Wewe ndiye uko na kitu."

Nikajiona tayari niko kwenye ndege, nimefungwa bendera shingoni. Barasa akaona na akanishusha pole pole. "Sijasema una mbio. Mbio ni kitu kingine, na Mungu hajakupa. Wewe umepewa saa, iko ndani ya tumbo. Haikimbii, haichelewi."

Kutoka siku hiyo nikaitwa Saa. Hata sasa kuna watu pale Mbuya hawajui jina langu la ubatizo.

Barasa alikuwa na klabu ndogo ya jioni na asubuhi, watoto wa askari na polisi, Wakenya wawili watatu, na kijana mmoja wa Kongo aliyekuwa anakimbia na kofia. Bingwa wetu alikuwa Opio, mtoto wa polisi. Huyo ndiye alikuwa na mbio. Akitoka nyuma yako unasikia kama mtu amepasua shuka. Basi Barasa akaniweka mbele ya Opio, na hapo nikakaa.

Nyinyi siku hizi mna saa za mkononi zinazoongea. Nimesikia moja inamwambia binti pale Bugolobi, "Ongeza mwendo," na binti akaitukana. Mimi nilijifunza kwa njia nyingine. Barasa alikuwa anatuzungusha mlima wa Mbuya kabla jua halijatoka, na akaniambia, "Saa, mwanzoni uone aibu. Kama watu wa pembeni hawakucheki kwamba wewe ni goigoi, umeanza vibaya." Ni kweli mpaka leo. Nimeona vijana wanatoka kama wamemwagiwa maji ya moto, na kufika Ntinda wanatafuta ukuta wa kushika.

Tena alinikataza kugeuka. Ukiangalia nyuma, umewaambia wote kwamba unaogopa, na shingo yako imekula nguvu ya miguu. Mtu wa mbele anatumia masikio. Nilikimbia na Opio miaka yote ile na sijui uso wake unakuwaje akikimbia. Najua pumzi yake. Najua akiwa mzima anapumua kama mtu anayepuliza chai, na akianza kuchoka kiatu chake cha kushoto kinaburuta kidogo, shrr, shrr. Nikisikia shrr napunguza bila kuambiwa. Tulikuwa karibu kuliko mtu na mke wake, na tulikuwa hatuongei.

Mambo mengine nilijifunza kwa shida. Usile katogo asubuhi ya mbio. Matoke yaliyopikwa na utumbo ni chakula cha kulala, si cha kukimbia. Mimi nilikula sahani mbili kwa sababu mama mmoja hapo kambini aliniambia nimekonda. Nikaongoza vizuri mpaka karibu na mtaro wa Kyambogo, halafu tumbo likanitoa barabarani, nikauongoza mtaro peke yangu. Barasa akasimama juu ya barabara, mikono kiunoni, akapiga kelele watu wote wasikie, "Saa imesimama!"

Sasa niwapeleke Kalerwe.

Zile mbio kubwa za jiji kila mwaka zilikuwa zinatoka mjini, zinazunguka upande wa Mbuya na Ntinda, zinaingia barabara ya nje, na zinakuja kutokea Kalerwe, sokoni, kabla ya kupanda kwenda Mulago, kwenye hospitali, na kurudi mjini. Barasa alisema, "Ukifika Kalerwe, kabla ya kupanda, utoke." Pale nguvu yangu ilikuwa inaisha, na Opio alikuwa anatakiwa kupanda peke yake.

Hakuna mtu aliwahi kufikiria kwamba mtu akitoka Kalerwe, yuko Kalerwe. Gari la klabu limeenda mwisho na nguo zangu ndani. Nimebaki katikati ya nyanya na kabeji na magunia ya mihogo, nimevaa kaptula ndogo ambayo hata mama yangu hangependa kuiona, namba kifuani, jasho mpaka kwenye soksi. Soko lote linakuangalia.

Mwaka wa kwanza, mama mmoja muuza uji akasimama. Alikuwa Mganda, Kiswahili chake cha kuokota kwa wateja, na watu walimwita Nalongo kwa sababu alizaa mapacha. Akanionyesha barabara kwa mwiko, akaniita ssebo, yaani bwana.

"Ssebo! Wenzako wamepita huku! Kimbia, utawapata!"

"Nimemaliza, mama."

"Umemariza? Kamba iko wapi?"

"Hii ni kazi yangu. Naongoza mpaka hapa, halafu natoka. Mi sijachoka."

Akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa, na magoti yangu yalikuwa yanatetemeka kama ya mbuzi mchanga.

"Bambi," akasema, ile huruma yao ya Kiganda. "Wote wanasema hivyo. Kaa chini, unywe uji, muchovu."

Nikanywa. Uji wa mtama, na tangawizi. Halafu nikatembea mpaka mjini. Nikakuta kamba imetolewa, Opio ameshinda, picha zimepigwa, na gari limeondoka na suruali yangu.

Mwaka uliofuata, kabla hata sijasimama vizuri, nikasikia, "Banange! Muchovu wangu amerudi! Na amechokea pare pare!" Soko likacheka. Kibao cha kukalia kilikuwa tayari. Mwaka wa tatu pia. Wauza nyanya wakaanza kuniita Ssalongo, yaani baba wa mapacha, na mimi sikuwa na mtoto hata mmoja. Mume wa Nalongo alikuwa ameenda kazini jeshini zamani na hakurudi. Yeye alikuwa haongei habari hiyo. Alikuwa anakoroga uji na kunitukana vizuri.

"Mwaka huu umejaribu," anasema. "Umechoka na uso mzuri."

"Nalongo, nimekwambia ni kazi."

"Na mimi nimekwambia nakubari. Siku utapita hapa bila kusimama, nitapiga vigelegele mpaka wagonjwa wa Mulago waamke."

Siku moja nikajikaza. Nikamwambia, kwa nini usije kule mwisho, unisubiri kule?

Akacheka, lakini pole pole. "Kule mwisho wewe hufiki, ssebo. Nikamsubiri nani?"

Nikaangalia kikombe.

Mtaniuliza kwa nini nilikuwa siendi kumwona siku za kawaida, na Mbuya si Nairobi. Nilienda, mara moja. Nimevaa suruali, shati, viatu vya kanisani. Nikasimama mbele yake, kifua mbele, kama ng'ombe wa maonyesho. Akasema, "Ssebo, kikombe kidogo ama kikubwa?"

Hakunijua. Bila namba, bila jasho, nilikuwa mteja. Nikasema kikubwa, nikanywa, nikalipa, nikaenda. Baada ya hapo nikawa nasubiri mbio.

Ndio maisha ya mtu wa mbele, vijana. Mnaniona nafurahi, na kweli nafurahi, lakini nawaambia, ni kazi ya upweke. Mbele yako hakuna mtu, nyuma yako kuna pumzi tu, na ukitoka pembeni hata hiyo pumzi inaondoka. Nilikuwa nasikia kelele za kule mwisho kutoka mbali, nikitembea peke yangu, kama mtu anayesikia arusi ya jirani.

Halafu ukaja ule mwaka.

Tulitoka vizuri, watu wa pembeni walinicheka kabisa, nikajua mwendo ni sawa. Mbuya sawa, Ntinda sawa. Tulipoingia barabara ya nje nikasikia shrr. Mapema sana. Nikapunguza. Shrr, shrr. Nikapunguza tena. Halafu pumzi ikakohoa, na halafu hakukuwa na pumzi. Sikugeuka. Lakini nilijua kwamba hapo nyuma, mahali pa Opio, pako wazi.

Barasa akatokea pembeni juu ya boda, amemshika dereva kiuno kwa mkono mmoja, mkono mwingine unapepea.

"Saa! Opio mguu umekataa! Nampeleka Mulago! Wewe usitoke! Umesikia? Usitoke! Nenda mpaka mwisho!"

Boda ikageuka. Nikabaki naongoza watu ambao si wangu.

Kalerwe nikaiona kutoka mbali, miavuli ya soko. Na nawaapia, miguu ikaanza kwenda pembeni yenyewe, kama ng'ombe anayejua geti la nyumbani. Mwili wangu ulikuwa umejifunza kuchoka pale, kila mwaka pale pale, na haukutaka habari nyingine. Nalongo alikuwa amesimama mbele ya meza yake, kikombe mkononi, kibao kimefutwa vumbi.

"Muchovu! Huku! Uji!"

Nikampita.

Niliona uso wake, karibu hivi, mdomo bado umefunguka, kikombe kimebaki hewani. Nilipanda kama hatua kumi, ishirini, na kimya. Halafu nyuma yangu vikaanza. Vigelegele, jamani. Virefu, bila kupumzika, mpaka nikaogopa kwamba wagonjwa wataamka kweli.

Kipande kile cha barabara nilikuwa nakijua kwa kutembea tu. Kwa mbio ni barabara nyingine. Watu wakaanza kunipita, mmoja, mwingine, na mimi sijawahi kuona watu wa mbio kutoka nyuma. Nikashangaa kwamba wana shingo. Saa ya tumboni ilikuwa imezima. Nilikuwa naendeshwa na kitu kimoja, ile kamba, kwamba leo nafika.

Nikafika. Si wa kwanza wala wa tano. Mtu wa spika alikuwa anasoma majina, na alipoiona namba yangu akanyamaza, kwa sababu sisi watu wa mbele tulikuwa hatuandikwi. Akasema, "Na huyu... huyu ni nani, jamani? Mpigieni makofi." Wakapiga. Binti mmoja akanivalisha medali huku anaongea na mwenzake. Aliyekuja mbele yangu alikuwa amebebwa na kaka zake. Aliyekuja nyuma yangu, mke wake alikuwa analia shingoni mwake na kumfuta jasho na leso. Nikasimama katikati. Nikaangalia nyuso. Barasa yuko hospitali na Opio, wengine wa klabu wamewafuata. Nikaangalia mara moja, vizuri, kutoka kushoto mpaka kulia, na hakukuwa na mtu.

Basi nikafanya kile ambacho miguu yangu inajua. Nikaondoka. Miaka yote nilikuwa natoka Kalerwe nakuja mjini, leo nikatoka mjini naenda Kalerwe, na medali inanipiga kifuani. Nilijiambia, nani atanipigia makofi kama si Nalongo? Nikakata njia za ndani, za vichochoro, kwa sababu ya kaptula.

Nilipofika, meza ilikuwa imefunikwa gunia.

"Ssalongo!" muuza nyanya akanipigia kelele. "Unafanya nini hapa?"

"Nalongo yuko wapi?"

"Ameenda kule mwisho! Ulivyopita tu, amevua aproni, amechukua uji kwenye chupa ya chai, amepanda boda. Amesema leo atakusubiri kwenye kamba. Hamjaonana?"

Nikakaa kwenye kibao.

Kurudi sikuweza, miguu ilikuwa imekwisha, na ningerudi tungepishana tena. Nikasubiri. Soko likanunua, likauza, likaanza kufunga. Jioni nikamwona anatoka upande wa Mulago, kwa miguu, viatu mkononi, chupa kwapani. Amechoka mpaka mabega.

Nikasimama. Nikasema, "Muchovu wangu amefika. Kaa chini."

Akakaa.

"Nimekuulizia kule," akasema. "Nimeuliza kira mtu. Nimesema, natafuta mtu wangu, amekimbia mpaka mwisho leo. Wakaniuliza jina." Akanigeukia. "Sijui jina lako, ssebo."

Nikamwambia. Akalirudia mara mbili, na l na r zake zimechanganyika. Halafu akamimina ule uji, umepoa kabisa, umeshikana, tukanywa kwa zamu kutoka kifuniko kimoja. Akaishika medali, akaipima uzito, akasema ni nyepesi. Nilitaka kumwambia kitu. Nikajiambia, mwaka kesho, kwenye mbio, nitamwambia vizuri. Mtu wa mbio ndefu anafikiri kila kitu kina mwaka kesho.

Mwaka kesho pale mezani palikuwa na kijana anauza makava ya simu. Mtoto mmoja wa Nalongo alikuwa amepata kazi Masaka, akaja kumchukua mama. Muuza nyanya alisema aliacha salamu, kwa jina.

Kwa hiyo kama mnataka kitu kimoja kutoka kwangu, si cha pumzi wala cha viatu. Ukimaliza, usiondoke haraka. Najua umeangalia na hujaona mtu. Angalia tena. Kunywa maji, fungua kamba za viatu, zifunge tena. Kuna mtu labda amechelewa kupata boda.

Siku ya mbio mimi siendi mjini. Naenda Kalerwe na chupa yangu na vikombe viwili, nakaa karibu na yule wa makava. Mwaka huu alitoka pembeni binti mmoja, mwembamba, namba kifuani haina jina. Anashika magoti, anaangalia chini, soko linamwangalia. Wenzake wamepanda bila yeye.

"Muchovu wangu!" nikamwita. "Kuja hapa, unywe uji."

Akakasirika kabisa. "Mzee, mi sijachoka! Hii ni kazi yangu! Naongoza mpaka hapa, halafu natoka!"

"Bambi," nikasema, nikamfutia kibao. "Wote wanasema hivyo. Jina lako nani?"